Shamba likimezwa na mji: ardhi ya pembezoni mwa Butembo na Beni ni ya nani?

Kiwanja kimoja pembezoni mwa Butembo kinaweza kuwa na karatasi tatu: ile ya shefu wa kilima, fishi ya parseli kutoka komini, na hati ya usajili yenye mhuri wa ofisi ya ardhi. Mara nyingi karatasi hizo hazibebi jina moja. Mnunuzi wa kwanza amekwisha kuweka msingi, wa pili anafika na fundi wake, na kabla hawajaelewana anatokea wa tatu ambaye hana karatasi yoyote ila babu yake alilima maharage pale pale. Kila mmoja ana mashahidi. Ndiyo maana raia wanaulizana, sokoni na makanisani, kama ardhi ni ya mwami (mtawala wa kimila), ni ya Serikali, au ni ya aliyeilima.

Swali hilo huulizwa kana kwamba jibu lake ni jina moja. Ukifuatilia migogoro yenyewe unakuta kwamba sehemu kubwa inazaliwa katika hatua moja tu, yaani siku shamba linapokatwa kuwa viwanja. Mila inajua kugawa ardhi ya kulima. Sheria inajua kuandikisha ardhi ya kujenga. Kivuko cha kutoka huku kwenda kule hakina mwenyewe, na anayekishika ndiye anayechukua thamani yote.

Vilima vilivyogeuka mitaa

Butembo, katika jimbo la Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, iko kaskazini kidogo tu ya mstari wa ikweta, juu ya vilima vya zaidi ya mita 1,700. Wakati wa ukoloni kampuni ya madini ya MGL ilikuwa na shughuli zake katika eneo hilo, lakini mji wa leo umejengwa hasa na wafanyabiashara wa Kinande. Walianza na mboga, kahawa na dhahabu. Baadaye wakavuka mpaka wa Kasindi, wakafika Dubai na Guangzhou, wakawa wanaagiza makontena kupitia bandari ya Mombasa. Kwa mtu ambaye benki hazikumpa imani na ambaye fedha ya Zaire iliyeyuka mkononi mwake, nyumba nyumbani kwao ilikuwa akiba ya kweli. Faida ya biashara ikageuka matofali, matofali yakahitaji ardhi, na ardhi ya karibu ilikuwa mashamba.

Sababu ya pili ni wingi wa watu katika milima ya Lubero. Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 ikiitwa Albert na kupanuliwa baadaye, ilifunga upande wa mashariki. Familia zilizobanwa juu mlimani ziligawa mashamba hadi yakawa vipande vidogo, kisha vijana wakashuka kaskazini kuelekea Beni na hata Ituri, au wakaingia Butembo.

Halafu vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni, yanayohusishwa zaidi na kundi la waasi la ADF, yamewafukuza wakulima kutoka vijijini. Agosti 2016 wauaji waliingia Rwangoma, mtaa wa wakulima ulio ukingoni mwa mji wa Beni, wakaua makumi ya watu. Tangu hapo wakazi wengi wa pembezoni wana mashamba wasiyoweza kuyafikia. Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na wakimbizi wakapanda kaskazini kuelekea Lubero na Butembo. Januari 2025 ikawa zamu ya Goma, makao makuu ya jimbo, na uongozi wa jimbo ukahamishia kazi zake Beni. Kila wimbi kama hilo linaongeza watu wanaotafuta mahali pa kulala, na kila mahali pa kulala panapoongezeka shamba moja linapungua.

Ukubwa wa jambo hili hauwezi kupimwa sawasawa, kwa sababu nchi haijafanya sensa tangu mwaka 1984. Makadirio ya Butembo yanataja mamia ya maelfu ya watu, na mengine yanakaribia milioni moja. Mji unapangwa kwa kukisia.

Upande wa utawala, Butembo na Beni zilipata hadhi ya mji mwaka 2003, zikagawanywa katika komini nne nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba kwa Butembo, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori kwa Beni. Mpaka wa mji ukachorwa juu ya vilima vilivyokuwa na mashefu wao, na mashefu hao hawakuhama. Butembo ilitoka ndani ya himaya ya Baswagha, ambayo mwami wake anarithi kiti. Beni imezungukwa na sekta ya Beni-Mbau, na sekta huongozwa na mtu aliyewekwa na Serikali juu ya jamii mbalimbali. Kwa hiyo hata mzozo wa jina moja hauna mizizi ile ile katika miji hii miwili.

Wanaosema ardhi ni ya mwami na ukoo

Hoja ya upande huu ni nzito kuliko wasomi wa mjini wanavyopenda kukiri. Kwa Wanande ardhi ilikuwa na ngazi zake: mwami juu, chini yake mashefu wa vilima, kisha wazee wa koo, kisha familia zilizolima. Aliyepewa shamba alitoa heshima kwa mwenye kilima, kwa mbuzi au sehemu ya mavuno, na maadamu aliitoa hakuna aliyemgusa. Utaratibu huo ulilisha watu katika mojawapo ya sehemu zenye msongamano mkubwa wa wakulima nchini. Shefu na wazee wake wanajua nani alipanda mti gani, kijito kilihama lini, mjane yupi aliachiwa kipande gani. Ofisi ya ardhi haina kumbukumbu hiyo hata kidogo. Zaidi ya hayo, karatasi ya shefu inapatikana upesi na kwa bei ambayo mkimbizi au mchuuzi anaiweza.

Katiba ya mwaka 2006 nayo inawapa nguvu. Ibara ya 34 inalinda mali ya mtu mmoja au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, na ibara ya 207 inatambua mamlaka ya kimila.

Udhaifu wao unaanzia mahali pale pale penye nguvu yao. Mila ilimfanya shefu mlinzi wa ardhi. Heshima aliyopokea ilikuwa malipo ya kila mwaka kwa matumizi ambayo hayakumtoa mtu shambani. Kiwanja kinapouzwa mara moja kwa fedha nyingi, na muuzaji akaweka fedha hizo mfukoni, tumekwisha kutoka nje ya mila hata kama mhuri ni wa mwami. Familia iliyokuwa ikilima inaambiwa ihame baada ya mavuno, pengine kwa kifuta jasho kidogo, pengine bila chochote. Wanawake, ambao ndio wanaolima zaidi, hawakai kwenye baraza linaloamua. Na kwa kuwa hakuna daftari, hakuna kinachomzuia shefu, au ndugu yake anayegombea kiti naye, kuuza kipande kile kile mara ya pili.

Wanaosema ardhi ni ya Serikali

Hawa wanashika sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuziki wala haupotei kwa muda kupita. Raia anapewa haki ya kuutumia, na kifungu cha 219 kinaeleza kwamba haki hiyo inathibitishwa kisheria na hati ya usajili tu. Baada ya miaka miwili tangu itolewe, hati hiyo haivunjwi kirahisi mbele ya hakimu.

Faida yake iko wazi kwa mji. Hati moja kwa kiwanja kimoja, mipaka iliyopimwa na mawe yaliyowekwa, mkopo unaoweza kuombwa kwa dhamana ya nyumba, barabara iliyochorwa kabla watu hawajajenga. Mambo haya shefu hawezi kuyafanya. Kilima kikiuzwa kipande kwa kipande na koo tano tofauti, hakuna kati yao atakayeacha njia ya gari la zimamoto, na maji ya mvua yatajitafutia njia yenyewe. Mifereji iliyochimbwa na mvua kwenye miteremko ya Butembo, ambayo mingine imegeuka makorongo yanayomeza nyumba, ni matokeo ya viwanja vilivyouzwa bila mchoro.

Lakini sheria hiyo ilizaliwa na kilema. Kifungu cha 387 kiliingiza ardhi za jamii za vijijini katika mali ya Serikali. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za jamii hizo zitapangwa na amri ya rais. Kwa miongo zaidi ya minne amri hiyo haikutoka. Mkulima wa Bulengera au wa Mulekera akabaki katika hali ya ajabu: yuko kihalali, hafukuzwi na sheria, lakini hana karatasi ambayo sheria inaitambua. Ndani ya pengo hilo mwenye fedha anaweza kupata hati juu ya shamba la mtu mwingine bila mwenye shamba kujua. Miaka miwili ikipita, kinga iliyokusudiwa kuleta utulivu inageuka ngao ya aliyenyang'anya.

Gharama inaongeza tatizo. Njia ya kutoka karatasi ya mauzo hadi hati inapita kwa kiongozi wa mtaa, komini, mpimaji, mkataba wa kukodi, kisha usajili. Kila meza ina ada yake, na si kila ada ina risiti. Watu wengi wanaishia kwenye fishi ya parseli wakidhani wamemaliza safari, kumbe fishi ni ushahidi wa komini kwamba wapo pale, haiwapi haki ya kudumu.

Wanaosema ardhi ni ya aliyeitumia

Kundi hili halina mwami wala ofisi. Ni familia zilizolima kwa vizazi, wakimbizi walionunua kwa akiba yao ya mwisho, na wapangaji wa mashamba waliokuwa wakilipa kwa mazao. Hoja yao ni ya haki ya kawaida: jasho limeingia humu. Kwa sheria ni kundi dhaifu kuliko yote, kwa sababu ardhi ya Serikali haichukuliwi kwa kukaa muda mrefu. Kwa mila pia ni dhaifu, maana aliyepokea shamba kutoka kwa mwenye kilima hawezi kujitangaza mwenye kilima.

Hata hivyo, kama tunajali nani anaumia, ni hapa pa kukaa muda mrefu zaidi. Shamba la ukingoni mwa mji ni chakula cha familia, karo ya shule na bima ya siku ya ugonjwa. Mabonde ya Butembo yanatoa kabichi, vitunguu na sombe, na mengine yamechimbwa mabwawa ya tilapia. Karibu na Beni, Mangina na Oicha kuna kakao, zao ambalo miaka ya karibuni limevuta wanunuzi na, kwa bahati mbaya, wezi wenye silaha. Mwenye kakao kilomita chache kutoka mjini ana chaguo gumu. Kuuza viwanja kunampa fedha za mara moja. Kubaki na miti kunampa mapato ya kila msimu, ikiwa ataweza kuifikia akiwa hai. Tusimlaumu anayeuza. Tujiulize kwa nini ukosefu wake wa usalama umegeuka punguzo la bei kwa mnunuzi.

Mayangose na Kyavinyonge: pale hifadhi inapoingia

Kaskazini mashariki mwa Beni mgogoro unapata mdai wa nne. Mayangose inadaiwa na wakulima kuwa ni ardhi ya wazazi wao, wakati taasisi ya hifadhi, ICCN, inasema iko ndani ya Virunga. Mipaka ya hifadhi iliandikwa kwenye maagizo ya wakoloni miaka ya 1930, kwa kufuata mito na vilele, na wasomaji wa maagizo hayo hawajawahi kukubaliana kuhusu maana yake pale chini. Msitu huo huo ukageuka maficho ya wauaji. Kwa hiyo mkulima anayekwenda Mayangose anaweza kuonekana mvamizi machoni pa mlinzi wa hifadhi na windo machoni pa muasi, katika siku moja.

Hoja ya hifadhi isidharauliwe. Virunga ni urithi wa dunia tangu 1979, na tangu 1994 imo katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Msitu ukikatwa hadi ukingo wa Beni, hakuna sheria itakayourudisha. Lakini hifadhi inayodai mpaka bila kuuonyesha kwa alama ambazo pande zote zimeshuhudia inajijengea maadui bila sababu.

Kyavinyonge, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward, inaonyesha mvutano huo wa hifadhi na watu ukienda hadi mwisho. Uvuvi hapo ni wa kale mno. Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani, mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua ule mfupa maarufu wenye mistari, pamoja na vyusa vya mifupa vya wavuvi wa zamani sana, ambavyo kwa kawaida vinakadiriwa kuwa na miaka kama 20,000. Kyavinyonge yenyewe, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, ni kambi za uvuvi zilizoruhusiwa ndani ya hifadhi kwa masharti: wavuvi wa idadi fulani, mitumbwi ya idadi fulani, bila mashamba. Idadi hizo zilizidiwa zamani. Vita vikaleta wakimbizi, wakimbizi wakaleta familia, na kambi ikawa na shule, makanisa, maduka na soko linalopeleka samaki Butembo. Ni mji kwa kila kitu isipokuwa kwa sheria. Mkazi wake hawezi kupata hati ya kiwanja, maana yuko ndani ya hifadhi. Hawezi kulima. Akizuiwa kuvua, hana kitu. Akiachwa avue bila kikomo kwa nyavu za matundu madogo, ziwa litaisha naye hatakuwa na kitu vile vile. Nawaona viongozi wakiliahirisha swali hili mwaka hadi mwaka, na kila mwaka nyumba zinaongezeka.

Kupima hoja

Kabla ya kuamua kati ya hoja hizi, tutazame jirani: Tanzania ilijaribu njia nyingine. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zilitenganisha ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla, na mji unapopanuka ardhi ya kijiji lazima ihamishwe rasmi, kwa fidia. Katika mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashamba ya Kibada na Mbweni yalipimwa na barabara zikachorwa kabla ya kuuzwa. Walalamikaji wa fidia hawakukosekana, na wenyeji wengi waliwaachia wenye uwezo na kusogea mbali zaidi. Ila jambo moja lilifanyika ambalo Butembo halifanyiki: shamba lilikuwa na siku rasmi ya kugeuka viwanja, na siku hiyo aliyekuwa akilima alikuwa na jina kwenye orodha.

Siku hiyo ndiyo inayokosekana Kivu Kaskazini. Anayetaka kumpa mwami yote anasahau kwamba mji wa mamia ya maelfu hauwezi kupangwa na mashefu wa vilima kila mmoja kivyake. Anayetaka kuipa Serikali yote anasahau kwamba Serikali hiyo haijui nani anakaa wapi, na kwamba ofisi zake zimekuwa mlango wa unyang'anyi. Tangu hali ya dharura ya Mei 2021 meya wa Butembo na wa Beni wamekuwa maofisa wa polisi waliowekwa kutoka juu, kwa hiyo hata njia ya kumwajibisha kiongozi kwa kura haipo kwa sasa.

Kwa maoni yangu shefu anapaswa kubaki shahidi mkuu na kuacha kuwa muuzaji. Kumbukumbu yake itumike kwenye orodha ya watumiaji wa kila kilima kabla hakijakatwa, orodha inayosomwa hadharani, kanisani na sokoni, na kuandikwa majina ya wake pamoja na waume. Apate sehemu ya ada kwa kazi hiyo, kiwango kinachojulikana, kwa sababu shefu asiyepata chochote ataendelea kuuza usiku. Ofisi ya ardhi nayo ikatazwe kutoa hati mahali ambapo orodha haijasomwa, na miaka miwili ya kinga ianze kuhesabiwa kutoka siku ya kusomwa, isianze siku mhuri ulipogongwa mezani. Sera ya taifa ya ardhi iliyopitishwa na baraza la mawaziri mwaka 2022 imekwisha kukiri haki za kimila, kwa hiyo utaratibu kama huu haungekuwa uasi dhidi ya Kinshasa.

Kuna gharama katika njia hii, na haifai kuzificha. Viwanja vitapanda bei, kwa kuwa anayelima atalipwa na barabara itachukua sehemu ya ardhi. Mkimbizi maskini atapata shida zaidi kununua, na pasipo eneo lililotengwa kwa watu kama yeye atasukumwa kwenye korongo au bondeni. Mabonde yenyewe yanastahili kulindwa hata kama wenye mashamba wanataka kuuza, maana mji unaotegemea chakula cha barabara zenye wauaji hauna sababu ya kujenga juu ya kabichi zake. Hilo litaumiza baadhi ya familia, nazo zina haki ya kudai punguzo la kodi au malipo.

Pa kuanzia ni ukingo ambao haujakatwa bado, kwa sababu kurekebisha mitaa iliyokwisha kujengwa kama Furu au Vungi ni kazi ya mahakama ya miaka mingi. Mayangose itangulie kwa kutembea mpakani, wakulima, mwami, ICCN na wapimaji pamoja, siku ambayo usalama utaruhusu. Kyavinyonge haihitaji kungoja usalama huo wote: inahitaji ukomo wa makazi uliochorwa na idadi ya mitumbwi iliyokubaliwa na wavuvi wenyewe. Fedha za wapimaji si hoja ya kukwamia. Mnunuzi wa kiwanja leo anamlipa shefu, kiongozi wa mtaa, komini na ofisi ya ardhi, na bado hana uhakika. Ada hizo nne zikikusanywa dirisha moja, kwa risiti moja, zinaweza kulipia jiwe la mpaka na jina la mkulima kwenye orodha.